Siti binti Saad: Mfinyanzi Aliyejifunza Kuimba Ukubwani

Utangulizi

Ndugu mwanakisomo, wewe sasa unajua kusoma. Umekwisha kupanda mlima wa kwanza. Kazi iliyobaki ni kusoma kila siku ili usisahau, na kutumia kusoma huko kwa kujiongezea maarifa.

Katika madarasa ya watu wazima hapa Lushoto kuna jambo moja ambalo huulizwa mara nyingi. Mtu huuliza kama mtu mzima bado anaweza kujifunza kitu kipya. Wengine wanatamani kushona kwa cherehani. Wengine wanatamani kupiga gitaa, ili wasaidie kwaya yao au wapige katika harusi. Lakini wanaona haya. Wanasema vidole vyao vimekwisha kuwa vigumu kwa jembe. Wengine wanasema muziki haufundishwi. Wanaamini kuwa aliyezaliwa na kipaji anacho, na asiyezaliwa nacho hana la kufanya.

Somo hili linajibu jambo hilo. Ni habari za maisha ya mwanamke ambaye utoto wake wote hakwenda shule. Alikuwa mfinyanzi na mchuuzi wa vyungu. Alipokuwa na miaka kama thelathini na moja alipata mwalimu wa muziki, akajifunza. Sauti yake ilivuka bahari. Jina lake ni Siti binti Saad.

1. Kuzaliwa kwake

Siti alizaliwa mwaka 1880 hivi, katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja. Wazazi wake walikuwa watu maskini. Baba yake, Saad, alikuwa mkulima. Asili yake ilikuwa Unyamwezi, upande wa Tabora. Mama yake alikuwa mfinyanzi. Asili yake ilikuwa Uzigua, katika Tanga. Kwa hiyo upande wa mama, Siti ni mtu wa kwa jirani zetu. Ukisimama juu ya milima yetu ya Usambara na kutazama chini upande wa kusini, nchi unayoiona ni ya Wazigua.

Siku zile Unguja ilikuwa nchi ya Sultani. Watu wengi wa bara walikuwa wamepelekwa kule kuwa watumwa katika mashamba ya karafuu na minazi. Utumwa ulikomeshwa kwa sheria mwaka 1897, wakati Siti alipokuwa amekwisha kuwa msichana mkubwa.

Jina lake la kuzaliwa halikuwa Siti. Wazazi wake walimpa jina la Mtumwa. Jina hilo linatuonyesha hali ya watu wa wakati ule. Jina la Siti alilipata baadaye, alipokwisha kujulikana. Maana yake ni bibi mwenye heshima. Alianza maisha akiitwa Mtumwa, akamaliza maisha akiitwa Bibi wa heshima. Habari zote za maisha yake zimo kati ya majina hayo mawili.

2. Mwalimu wa kwanza alikuwa mama

Siti hakupata nafasi ya kusoma. Shule za wasichana maskini hazikuwako. Hata chuo cha Kurani hakuhudhuria utotoni. Lakini haifai kusema kuwa hakufundishwa kitu. Mama yake alimfundisha kazi ya kufinyanga.

Akina mama wafinyanzi wa hapa Usambara wanajua jinsi kazi hiyo inavyofundishwa. Msichana haambiwi tu namna ya kufanya. Anakaa karibu na mama yake. Anamwona akiuponda udongo na kutoa vijiwe. Anamwona akiukanda, akiupandisha kwa vidole na kuulainisha ukingo. Kisha anapewa bonge lake dogo. Chungu chake cha kwanza kinapinda. Cha pili kinapasuka kikianikwa. Mama anamwonyesha mahali alipokosea, naye anaanza tena. Anajua kuwa chungu hukaushwa kivulini kwanza, na kwamba kikitiwa motoni kabla hakijakauka hupasuka.

Hivyo ndivyo mtu anavyojifunza kwa mwalimu mmoja, ana kwa ana. Mwalimu anaona mikono ya mwanafunzi wake na kuisahihisha palepale. Tukumbuke jambo hili, maana tutaliona tena mbele.

3. Sauti ya njiani

Vyungu vikishafinyangwa na kuchomwa, lazima viuzwe. Siti alivichukua kichwani na kwenda kuviuza mjini Zanzibar. Kutoka Fumba mpaka mjini ni mwendo mrefu kama wa kutoka Lushoto kwenda Soni, au zaidi. Kila mchukuzi wa matunda au mboga wa milimani kwetu anaujua uzito wa safari ya namna hiyo.

Alipokuwa akitembeza vyungu vyake, Siti aliimba. Aliimba kutangaza bidhaa yake, watu majumbani wajue kuwa mwuza vyungu anapita. Sauti yake ilikuwa na nguvu sana. Ilisikika mbali kabla mwenyewe hajaonekana. Watu wakaanza kumjua kwa sauti yake.

Kipaji alikuwa nacho, hilo ni kweli. Lakini tuangalie vizuri. Alikuwa nacho miaka yote ile, na miaka yote ile alibaki kuwa mchuuzi wa vyungu. Sauti nzuri peke yake haikumtoa njiani. Kipaji bila mafunzo ni kama shamba zuri lisilolimwa. Udongo una rutuba, lakini mavuno hayaji.

4. Kuhamia mjini

Mwaka 1911 Siti aliamua kuhama Fumba, akaenda kukaa mjini. Alikuwa na miaka kama thelathini na moja. Alitafuta maisha yaliyo bora kuliko ya kuchukua vyungu kichwani. Mjini hakuwa na mali, na hakuwa na ndugu wakubwa wa kumsaidia. Alikuwa na kazi ya mikono yake na sauti yake.

Mjini kulikuwa na muziki uitwao taarabu. Muziki huu ulipendwa sana na wakubwa. Sultani Barghash, aliyetawala kutoka mwaka 1870 mpaka 1888, ndiye aliyeuleta Unguja kutoka Misri. Inasimuliwa kuwa alimpeleka mtu wa Unguja, jina lake Mohamed Ibrahim, mpaka Misri akajifunze kupiga kanuni. Kanuni ni chombo cha muziki chenye nyuzi nyingi, zaidi ya sabini. Mohamed Ibrahim alijifunza kwa mafundi wa huko, akarudi, akawafundisha wenzake. Basi hata taarabu yenyewe ilianza Unguja kwa njia ya mtu mmoja kwenda kwa mwalimu.

Mwaka 1905 watu wa mjini waliunda chama cha muziki kilichoitwa Nadi Ikhwani Safaa. Wanachama wake walikuwa wanaume. Nyimbo ziliimbwa kwa Kiarabu. Mwanamke maskini wa shamba hakuwa na nafasi katika mambo hayo.

5. Mwalimu Muhsin Ali

Mmoja wa watu wa chama hicho aliitwa Muhsin Ali. Aliisikia sauti ya Siti, akatambua kuwa ni sauti ya pekee. Hakuishia kumsifu. Alikubali kumfundisha.

Hapo maisha ya Siti yaligeuka. Muhsin Ali alimfundisha kuimba kwa utaratibu wa muziki. Mtu anapoimba njiani anaimba apendavyo. Anapumzika anapotaka, anapandisha sauti anapotaka. Lakini kuimba pamoja na vyombo ni kazi nyingine. Lazima mwimbaji aisikilize sauti ya chombo na kuifuata. Lazima ajue mahali pa kuanza, mahali pa kunyamaza ili vyombo viseme, na mahali pa kurudi. Lazima ajue kuvuta pumzi ili neno lisikatike katikati. Na kama nyimbo ni za Kiarabu, lazima kila neno litamkwe sawasawa, ingawa si lugha ya mama yake.

Siti alikuwa mwanafunzi mwepesi. Alishika alichofundishwa. Mwalimu wake alipoona hivyo, alimjulisha kwa wapiga vyombo wengine. Kati ya hao walikuwamo Subeti bin Ambari, Buda bin Mwendo, Mwalimu Shaaban na Mbaruku. Wakaanza kupiga na kuimba pamoja. Watu wengi wa kundi lile walikuwa watu wa kawaida wa mjini, si watu wa majumba makubwa.

Sifa zao zilienea upesi. Watu walianza kuwaalika katika harusi na sherehe. Baada ya muda si mrefu waliimba hata mbele ya Sultani. Mwanamke aliyekuwa akipita nje ya majumba akiuza vyungu, sasa aliingia ndani kwa kualikwa.

6. Manufaa ya kuwa na mwalimu wako

Tutue kidogo hapa, tufikiri. Siti alipata nini kwa mwalimu ambacho asingekipata peke yake? Mambo haya yanamhusu mwimbaji, na yanamhusu pia mtu anayetaka kujifunza gitaa leo.

Kwanza, mwalimu anasikia kosa ambalo mwanafunzi halisikii. Mtu anayejifunza gitaa peke yake anaweza kushika nyuzi vibaya kwa miaka miwili. Kosa likishazoeleka linakuwa gumu kuondoa. Mwalimu analiona siku ya kwanza.

Pili, mwalimu anajua mpango wa kazi. Gitaa la kawaida lina nyuzi sita. Kazi ya kwanza ni kuzipatanisha sauti zake. Kisha mwanafunzi anajifunza kuzibana kwa vidole vya mkono mmoja na kuzipiga kwa mkono mwingine. Anaanza na wimbo mwepesi, anakwenda kwenye mgumu. Asiye na mwalimu hutaka kuanza na wimbo mgumu aliousikia redioni. Akishindwa hudhani hana kipaji, kumbe alianzia katikati ya njia.

Tatu, mwalimu anakwenda kwa mwendo wa mwanafunzi wake. Katika kundi kubwa mtu mzima huona haya kukosea mbele ya watu, hasa mbele ya vijana. Akikaa na mwalimu peke yao, haya inapungua. Anakosea, anasahihishwa, anaendelea.

Nne, mwalimu anamfungulia mwanafunzi mlango kwa watu wengine. Muhsin Ali hakumfundisha Siti tu. Alimpeleka kwa wapiga vyombo. Mwanafunzi wa gitaa naye hupelekwa na mwalimu wake kwenye kwaya au kwenye bendi.

Tano, ahadi na mwalimu inamfanya mtu awe na bidii. Kama umeahidiana na mwalimu kukutana Jumamosi, utaona vibaya kufika bila kufanya mazoezi.

Lakini mwalimu hawezi kufanya mazoezi kwa niaba yako. Vidole vya mwenye jembe vinaweza kujifunza nyuzi, kama vikipewa muda kila siku, hata kama ni nusu saa jioni baada ya kazi. Siku za mwanzo ncha za vidole huuma. Baadaye ngozi hukomaa, maumivu yakaisha. Mkulima anajua jambo hilo, maana jembe lenyewe lilimfanyia hivyo.

7. Taarabu kwa Kiswahili

Siti alijifunza vizuri njia ya walimu wake. Lakini hakuishia kuiga. Yeye na wenzake waliimba nyimbo nyingi kwa Kiswahili. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Taarabu ya wakubwa ilikuwa ya Kiarabu, na watu wengi wa kawaida hawakuelewa maneno yake. Siti alipoimba kwa Kiswahili, mpagazi alielewa, mfuaji nguo alielewa, mama wa nyumbani alielewa. Taarabu ikatoka katika jumba la Sultani, ikaingia Ng'ambo, yaani sehemu ya mji waliyokaa watu maskini.

Watu walikusanyika nyumbani kwa Siti usiku kusikiliza. Walizungumza mambo ya mji, na mambo hayo yakatungiwa nyimbo. Nyimbo zake zilikuwa za mapenzi, lakini pia zilikuwa za maisha. Zilisema juu ya wanaume wanaowatesa wanawake, juu ya wakubwa wanaodhulumu na juu ya mahakama zisizotenda haki.

Mmoja wa nyimbo hizo unajulikana kwa jina la Kijiti. Ulihusu jambo lililotokea kweli mjini. Mwanamke mmoja mgeni kutoka Dar es Salaam aliuawa na mwanaume aliyeitwa Kijiti. Muuaji alitoroka. Wanawake waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi ndio waliofungwa. Watu wa mji waliona uchungu, lakini nani angeweza kumwambia hakimu? Siti aliimba. Wimbo ule ulifanya jambo lile lisisahauliwe.

Hapo tunaona kuwa kujifunza muziki si starehe tu. Aliyejifunza kuimba vizuri husikilizwa hata na wale wasiotaka kumsikiliza maskini.

8. Safari ya Bombay

Mwaka 1928 kampuni moja ya Uingereza ya kutengeneza sahani za santuri iliwachukua Siti na wenzake mpaka mji wa Bombay nchini India. Mji huo sasa unaitwa Mumbai. Walisafiri kwa meli, wakavuka Bahari ya Hindi. Huko walirekodi nyimbo zao kwa Kiswahili. Siti alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki kurekodi nyimbo zake katika sahani za santuri.

Siku hizi mtu anarekodi wimbo kwa simu yake ya mkononi. Wakati ule haikuwa hivyo. Wimbo ulikatwa katika sahani ngumu. Upande mmoja wa sahani ulichukua dakika tatu hivi tu. Mwimbaji na wapiga vyombo walipaswa kuanza na kumaliza bila kosa. Mtu asiyefundishwa asingeiweza kazi hiyo. Mazoezi ya miaka yote ya Siti yalionekana hapo.

Sahani zile ziliuzwa kwa maelfu. Zilipigwa katika mikahawa na majumbani, Unguja, Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na miji mingine. Kiswahili cha Unguja kilisikika katika nyimbo hizo mpaka mbali bara. Wageni waliofika Unguja walitaka kwenda kumwona mwenye sauti ile. Kampuni za sahani nazo ziliona kuwa nyimbo za Kiswahili zinanunuliwa, zikatafuta waimbaji wengine wa pwani.

9. Wenye husuda

Mafanikio huleta husuda. Wako waliomcheka Siti kwa sababu alitoka shamba na alikuwa mwuza vyungu. Wako waliomcheka kwa sababu ya sura yake, wakasema kuwa si mzuri. Maneno hayo yaliimbwa hadharani ili kumwaibisha.

Siti angeweza kulia na kuacha kuimba. Angeweza kugombana nao njiani. Hakufanya hivyo. Alijibu kwa wimbo. Katika wimbo huo alieleza kuwa uzuri wa sura si kitu kikubwa, na kwamba kinachotakiwa kwa mtu ni akili yake. Watu waliusikia, wakaupenda, na wale waliomcheka wakanyamaza.

Mwanakisomo anayechekwa kijijini kwa sababu anakwenda darasani na daftari lake amkumbuke Siti. Anayekucheka leo kwa kujifunza, kesho atakuja umsomee barua yake.

10. Mwisho wa maisha yake

Siti aliimba kwa miaka mingi. Alipokuwa mzee, mwandishi na mshairi mkubwa Shaaban Robert alikutana naye, akamwuliza habari za maisha yake. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 karibu na mji wa Tanga, katika mkoa wetu huu. Aliandika kitabu juu yake kiitwacho Wasifu wa Siti binti Saad. Kitabu hicho kimesomwa katika shule kwa miaka mingi. Mama aliyekosa shule, maisha yake yamekuwa somo la shule.

Siti alifariki dunia tarehe 8 Julai, 1950.

Kazi yake haikufa pamoja naye. Waimbaji wengi walifuata njia yake. Mmoja wao ni Bi Kidude, aliyeimba mpaka uzeeni sana, naye akafariki mwaka 2013. Mwaka 1988 chama cha waandishi wa habari wanawake wa Tanzania kilianzisha gazeti la kutetea wanawake. Kiliita gazeti hilo Sauti ya Siti.

11. Sisi tunajifunza nini?

Turudi kwetu Usambara. Katika vijiji vyetu wako watu wenye sauti nzuri na vidole vyepesi. Wako vijana waliotengeneza magitaa yao wenyewe kwa bati na mbao. Wako pia wazee wanaojua kupiga, ambao hawajaombwa kumfundisha mtu.

Gitaa ni ndugu wa udi na gambusi, vyombo vya nyuzi vilivyopigwa katika taarabu. Katika miaka ya 1960 na 1970 mji wa Tanga ulijulikana sana kwa bendi zake za magitaa, kama Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Kwa hiyo kupiga nyuzi si jambo geni katika mkoa wetu.

Ukitaka kujifunza, fanya hivi. Mtafute mtu anayejua kweli, si anayejisifu. Msikilize anapopiga, na uwaulize aliowafundisha. Patana naye siku na saa. Patana naye malipo mapema, ili pasiwe na ugomvi baadaye. Kama huna fedha, huenda atakubali mahindi, viazi au kazi ya siku moja shambani. Kama wewe huna gitaa, jiungeni watu wawili au watatu, mnunue moja na kupokezana, lakini kila mmoja akae na mwalimu kwa zamu yake. Usibadili mwalimu kila mwezi. Na ukiisha kujua, mfundishe mwingine.

Anayejua gitaa anapata faida nyingi. Anaweza kuitwa katika harusi na kulipwa. Anaongoza kwaya au kikundi cha ngoma. Nyimbo za wazee wetu, ambazo zinasahauliwa, anaweza kuzihifadhi kwa kuzipiga. Jioni akichoka na kazi, ana kitu cha kumtuliza moyo badala ya kwenda kilabuni kulewa.

Na faida kubwa kuliko zote ni hii. Mtu mzima aliyejifunza kitu kimoja kigumu haogopi tena kujifunza cha pili. Wewe umejifunza kusoma. Haya ya kwanza umekwisha kuishinda.

Mtumwa binti Saad alikwenda mjini akiwa mtu mzima, bila shule na bila mali. Alikaa mbele ya mwalimu wake kama alivyokaa zamani mbele ya mama yake, akakosea, akasahihishwa, akaanza tena. Ndipo akawa Siti.

Maneno ya kujifunza

Husuda: chuki ya kuona mwenzako amefanikiwa.
Kanuni: chombo cha muziki chenye nyuzi nyingi, hulazwa na kupigwa kwa vidole.
Kipaji: uwezo ambao mtu amezaliwa nao.
Kufinyanga: kutengeneza vyungu kwa udongo.
Kupatanisha nyuzi: kukaza au kulegeza nyuzi mpaka sauti zake zielewane.
Mchuuzi: mtu anayetembeza bidhaa na kuziuza.
Santuri: mashine ya kupigia sahani za nyimbo.
Udi: chombo cha nyuzi kinachofanana na gitaa, chenye tumbo la mviringo.
Wasifu: habari za maisha ya mtu.

Maswali ya mazungumzo

1. Siti alizaliwa wapi, na asili ya mama yake ilikuwa wapi?
2. Jina la kwanza la Siti lilikuwa nani? Maana ya jina la Siti ni nini?
3. Muhsin Ali alimsaidia Siti kwa njia gani?
4. Kwa nini watu wa kawaida walipenda taarabu ilipoimbwa kwa Kiswahili?
5. Siti na wenzake walikwenda wapi mwaka 1928, na kufanya nini?
6. Taja faida tatu za kujifunza gitaa kwa mwalimu, ana kwa ana.
7. Je, katika kijiji chenu yuko mzee anayejua kupiga chombo cha muziki? Zungumzeni darasani jinsi mnavyoweza kumwomba awafundishe.
8. Andika mistari mitano juu ya kitu ambacho ungependa kujifunza mwaka huu, na jina la mtu anayeweza kukufundisha.